Msumari Ambao Mwanangu Hakuusikia

Mtaani walisema wanaume wa ukoo wa marehemu mume wangu hunywa kwa siri, ndiyo maana huburuta miguu. Neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Kijana wangu, fundi rangi wanayemwita Twiga kwa urefu wake, alipoanza kujikwaa hata pasipo jiwe, nikawa namnusa mdomo kila akirudi kazini.

"Mama, leo umekuwa trafiki?" alinitania.

Alinuka rangi tu.

Siku moja akaingia sebuleni, nyuma yake alama nyekundu sakafuni. Nikadhani ni rangi. Wifi yangu, dada wa marehemu, alikuwa amekuja kunisalimu. Akacheka. "Mtoto wa nyoka ni nyoka! Baba yake alikuwa hivihivi."

Nilimvua ndala. Msumari ulikuwa umeipenya mpaka ndani ya unyayo.

"Mwanangu, huumii?"

"Msumari gani?" akauliza.

Kicheko cha wifi kikakatika.

Hospitali walimtibu kidonda, wakamgonga magoti, wakamchomachoma vidole kwa sindano, wakauliza habari za baba na babu. Baada ya vipimo daktari alitueleza, nami naandika nilivyoelewa, maana niliishia shule ya msingi. Mshipa wa fahamu hutoka mgongoni ukafika hadi kidole cha mguu. Ndani yake mna wachukuzi wadogo mno, wanashusha chakula na kupandisha taka. Katika ukoo huu watu hurithi kasoro, wachukuzi hukwama njiani na mizigo inarundikana. Aliye mbali ndiye hufa njaa kwanza, na hakuna kilicho mbali kama vidole vya miguu. Si pombe, si mkono wa mtu. Dawa ya kuponya bado haipo.

Tulipofika nyumbani wifi akavua viatu. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja kama kucha za kuku.

"Habari ya pombe tuliianza sisi wenyewe," akasema. "Mlevi watu husema ataacha. Mwenye ugonjwa wa ukoo, nani atakubali kuoana naye?"

"Na mwanangu yuko juu ya ngazi kila siku! Wifi, aibu haijawahi kumdaka mtu anayeanguka."

Twiga hakutaka kusikia. "Fundi asiyepanda ngazi atapaka nini, sahani?"

Mimi nililia, hakunisikiliza. Shangazi yake ndiye aliyemweza.

"Baba yako alipoanguka kutoka kwenye paa hakuwa ameonja hata tone. Hakujua mguu wake umekanyaga wapi. Mimi nilijua, nikanyamaza."

Kijana akakaa chini. Asubuhi akampigia tajiri wake simu, akaomba apewe kupaka milango na kuta za chini.

Wazazi wenzangu, kama kwenu kuna miguu ya namna hii, epukeni:

Kupanda ngazi na mapaa.

Kutembea peku, au na ndala penye misumari.

Kupima maji ya moto kwa mguu. Pimeni kwa kiwiko.

Kulala bila kukagua nyayo, hata kama hamuumwi.

Kuchanjwa miguu na waganga.

Kumeza dawa kabla ya kumwambia daktari kuhusu ugonjwa huu, maana zipo zinazoumiza mishipa zaidi.

Kumficha mchumba ugonjwa huu.