Gogo la Kukatia Kucha

Warin, mlinzi wa msitu wa mfalme, alishusha gogo mgongoni mwa farasi, akaliweka mbele ya mlango wa Aldith, akalifuta tope kwa kiganja kama fundi anayeiheshimu meza yake. Kisha akatoa patasi na nyundo.

"Haya, mama, mlete mbwa. Mguu wa mbele, kucha tatu, pigo moja tu."

Majivu, mbwa wa Aldith, alikuwa amejibana nyuma ya sketi yake. Ndiyo ilikuwa sheria ya msitu: mbwa yeyote mkubwa lazima akatwe kucha hadi mzizi, asije akamkimbiza paa wa mfalme. Mwaka jana walimkata mbwa wa jirani yake Ketel. Tangu hapo mbwa huyo anachechemea, na mbwamwitu wamejichagulia nguruwe wa Ketel kama watu walio sokoni. Aldith, mjane, hakuwa na shamba. Alikuwa na nguruwe, msimu wa mbegu za mialoni, chakula chao, zilizoanza kudondoka, na mbwa huyu.

"Kwa jina la nani?" akauliza.

"La mfalme. La nani tena?"

"Mfalme yupi, Bwana Warin? Wa zamani juzi tumempigia kengele za maziko. Huyo mpya hajapakwa hata mafuta ya ufalme. Nguruwe wangu wana mafuta kumshinda."

Ketel, aliyekuwa akichonga vigae vya mbao upande wa pili wa njia, alicheka kwa sauti. Warin akageuka. Akaliona shoka mkononi mwa Ketel, akaona na milango miwili mitatu ikifunguka. Kijiji kizima kilijua kwamba mfalme akifa, amani yake na sheria zake huzikwa naye mpaka mwingine avikwe taji. Warin alijua pia, ndiyo maana leo alikuja akiwa na upanga.

"Usinichezee, mwanamke. Toa mbwa."

Aldith akasogea mbele. Akageuka, akakusanya sketi yake, akaketi juu ya gogo. Akaketi hasa, kwa uzito wote, kama aliyefika nyumbani kutoka safari ya mbali.

"Ondoka hapo!"

"Nimechoka."

"Nitakukata wewe!"

"Kata. Ukiulizwa ulimkatia mfalme gani, utamtaja nani?"

Warin akainua nyundo. Mkono ukabaki juu, ukakaa, mpaka aibu yake ikaonekana na kila mtu. Akaushusha taratibu.

"Atavikwa taji, huyu," akasema, akifunga patasi kwenye ngozi. "Na siku hiyo hiyo mlango wa kwanza nitakaobisha ni wako."

"Karibu. Utanikuta."

"Niachie gogo langu."

"Lifuate na taji."

Akapanda farasi, akaenda zake bila kugeuka nyuma. Aldith hakuinuka hadi vishindo vya kwato vilipopotea.

"Watakuja wengi, Aldith," Ketel alimwambia.

"Basi waje nguruwe wakiwa wamenona."

Akafungua zizi, akapiga mluzi. Nguruwe wakavuka kijito wakisukumana, wakaingia chini ya mialoni ya mfalme, Majivu akiwazunguka mbio. Mbele kabisa, ndani ya msitu ambako hakuna aliyewahi kuthubutu kukata hata kijiti, shoka la mwanakijiji lilisikika likigonga mti. Kisha la pili, upande mwingine.