Kisiwa cha Shemeji

Niseme ukweli, roho iliniuma. Miaka kumi na minane nachonga ramani za baba kwenye mabamba ya shaba, herufi kinyumenyume ili zikichapwa zisomeke sawasawa, mpaka mgongo umepinda. Kisha mdogo wangu akaolewa, na huyo mumewe, wa kuja juzi tu, akapewa ramani ya dunia nzima aweke na jina lake chini. Langu halijawahi kuwekwa popote, na ndilo nililolitaka kuliko kitu chochote.

"Mkwe wangu ana jicho," baba alisema mezani.

Jicho gani? Nahodha mmoja alituletea mchoro wa pwani ya mbali, umekunjwa mara nne na umelowa. Wino ulikuwa umetiririkia kwenye mkunjo ukaacha mstari. Shemeji akaudhania mstari ule ni mlango wa bahari, akaikata rasi ndefu kutoka bara, ikawa kisiwa. Mimi niliuinua mchoro dirishani, nikaona ni mkunjo mtupu. Neno moja lingetosha. Nikanyamaza. Nilitaka aumbuke, tena mbele ya watu.

Wapi! Wanunuzi walikipenda kisiwa kile kupita kiasi. Karakana za jirani zikakiiga. Moja ikakiongezea milima, nyingine ikakitilia mji wenye ukuta. Shemeji akawa anatembea kifua mbele, na mdogo wangu naye akaanza kuongea nami kwa sauti ya kunihurumia.

Mwaka wa tatu baba akaniambia, "Sasa zamu yako, mwanangu. Chonga dunia, uweke jina lako." Nilikwenda jikoni nikalia. Kisha nikaichonga rasi imeshikana na bara, kama ilivyo.

Baba alipoitazama nakala ya kwanza akakunja uso. "Kisiwa umekisahau."

"Si kisiwa, baba. Ni mkunjo wa karatasi." Nikamletea mchoro wa nahodha.

Aliushika kwenye mwanga, akautazama weee. Nilingoja amwite shemeji amkemee.

"Ulijua lini?" akaniuliza mimi.

"Tangu siku ya kwanza."

Akaketi taratibu. "Ukaniacha nitie alama ya nyumba yangu kwenye uongo." Hakupandisha sauti. "Ungesema siku ile, kingekuwa mkunjo. Sasa kila mtu anacho ukutani kwake. Ramani isiyo nacho ndiyo wataiita mbovu. Chonga, mwanangu."

Nikachonga. Nilikata mlango wa bahari ule kwa mkono wangu mwenyewe. Shemeji akaja kusimama nyuma yangu, hajui hili wala lile, akasema, "Shemeji, umekitoa vizuri kuliko mimi."

Hakuwa na hila hata chembe, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Nikaishusha kalamu ya chuma hadi kwenye kona ya bamba, nikaanza kuchonga jina langu.