Kitoweo cha Serikali

Mwaka ule wa tisini na moja serikali ilitaka kujua nani maskini na nani ana nafuu. Ikamtuma karani Chenge pale Mabatini na mizani ya kupimia vyakula na daftari nene kama tofali, naye akaangukia nyumba kadhaa, ya Nestory ikiwamo. Kwa siku ishirini na nane, kila kinachoingia chunguni lazima kipimwe, kiandikwe.

Sasa Nestory alikuwa muuza mapanki, yale mabaki ya sangara, vichwa na mifupa, yanayotupwa viwandani minofu ikishakwenda Ulaya. Aliyafunga kwenye baiskeli alfajiri akayazungusha mtaa kwa mtaa. Baiskeli ile ndiyo iliyomlisha. Na nyumbani walikula nini? Mapanki, jamani, mlitaka wale nini?

"Hayaandikwi," alisema mkewe, Wilhelmina, siku ya kwanza. "Jina langu lifike Dar es Salaam limeambatana na kichwa cha samaki? Baba Justa, nitafutie kuku."

Nestory akauza dainamo ya baiskeli, wakala kuku. Kengele ikatoa nyama robo kilo, keria ikaleta sato wawili wanono. Karani anapima, anaandika, anameza mate. Wilhelmina akimkaribisha hakatai, maana mwenyewe posho yake ilikuwa haijafika. Wiki ya pili walikula gurudumu la mbele kwa wali wa Magu. La nyuma likaishia kwenye pilau ya Jumapili. Nestory alitafuna kila tonge kwa uchungu, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba lilikuwa tamu kweli.

Wiki ya tatu akawa anabeba mapanki kichwani kwa beseni, shingo imezama mabegani. Wateja wake wa mbali akiwafikia, nzi wameshamtangulia.

"Tumwambie ukweli tu, mke wangu," alisihi wiki ya nne. "Nitafanya kazi na nini?"

"Zimebaki siku tano. Unataka kuniaibisha saa hizi?"

Basi fremu nayo ikaliwa, siku ya mwisho, mchuzi wa mbuzi na ndizi. Chenge akafuta mdomo, akapiga hesabu zake, akatabasamu.

"Hongera, mama. Katika nyumba zangu zote, hakuna inayokula kama hii. Mmeingia kundi la juu kabisa."

Wilhelmina akajifunga kanga upya, akasogea mlangoni kuona kama jirani amesikia.

"Limebaki swali moja tu, la mali," Chenge akaendelea. "Majirani wanasema mna baiskeli. Iko wapi niione?"

Wilhelmina akatazama dari. Nestory akajikanda shingo, akanyoosha kidole kwenye daftari.

"Imo humo, karani. Anza ukurasa wa tatu, penye kuku."

Chenge akafunua ukurasa wa tatu, akaitafuta.