Fleshi ya Kasongo

...na anayebisha abishe, aje hapa Kabambare ajionee, kwamba yeye Gédéon, aliyeipa shule mgongo mwaka wa pili wa sekondari, ndiye anayempangia dada yake mkubwa, yaya Sonia, karakana nzima ya kutengeneza programu ndani ya mashini mpya ya kompyuta, bila rezo ya intaneti, bila mwalimu, vyote vimo kwenye fleshi aliyotoka nayo Kasongo juu ya pikipiki, matope hadi kiunoni, akabonyeza, tazama kidole cha bwana, mstari wa kijani ukaanza kutambaa, ukatambaa... ukasimama. Ukasimama? «Ee dokta wa mashini, imekubali?» Sonia huyo, jikoni, anatwanga sombe, majani ya mihogo, «Iko inapumua, yaya!» «Inapumua ao inakata roho?» na kicheko, kicheko cha mtu ambaye kesho daktari mkuu anakuja kuona programu yake ya chanjo za watoto, aliyoiandika Kindu kwenye mashini ya watu, na bila karakana hii haiwaki, ikitembea kazi ni yake, isipotembea ni jembe na mihogo... Unganisha intaneti upakue vilivyobaki, ndivyo kioo kinavyosema, vilivyobaki vipi, intaneti gani, huku ambako hata simu hupandishwa mlimani ndipo iseme alo, huu ni uchawi, faili ni ileile, jina lilelile, alama ileile ya buluu, aliiona mwenyewe kule Kasongo, pale sekretaria, kibanda cha kunakili mafaili, kwa Faradji, na Faradji akasema, nani alimwomba aseme, «Ziko mbili, kaka, hii ya uzito iko na kila kitu, ile nyepesi ni mlango tu, nyumba utaitafuta kwa rezo», naye akamcheka, «Unanifundisha mimi? Mutoto wa juzi!»... «Gédéo, unakula ao nipe mbwa?» «Nakuja, yaya!» haendi, anabonyeza tena, na uani viti vinaburutwa, jirani wote wamekuja, maana atokaye Kasongo hafiki bila filamu, ataonekana mtu gani, «Gédéo, tuko tunangoja!» wangoje, mstari haujasogea hata unywele, kwapa zinachuruzika... sawa, sawa, iko sehemu aliyoiruka aliposimulia pikipiki na matope: Faradji aliiweka ile nzito, aliiweka vizuri kabisa, ila alipogeuka kumhudumia mteja, ni kidole hiki, hiki hapa, kilichoifuta na kuitia nyepesi mahali pake, ili filamu ya tatu ienee kwenye fleshi.