Risasi Zilizonong'ona

Tegua hiki: nyumba ya shaba, mwenyeji mweusi amelala chini, na godoro limejaa mpaka darini. Umeshindwa? Nipe mji.

Ni risasi ya Selmer Haugen. Tangu mkewe Orpha apasuliwe bega, Selmer alikuwa akimtengenezea risasi za upole kule bandani, baruti kidogo tu, ili bunduki ambayo Orpha aliachiwa na baba yake isimpige teke. Lakini baruti kidogo ndani ya ganda kubwa haitulii. Mara iko mbele, mara nyuma, na bunduki leo inapiga hivi, kesho vile. Kwa hiyo Selmer hunyofoa sufi kutoka koti kuukuu la kujiokolea ziwani, akaitia juu ya baruti mpaka ikaguse kichwa cha risasi, pasibaki nafasi. Itikise risasi ya Selmer sikioni: kimya, kama mtu aliyenuna.

Sasa, siku moja ya vuli, shindano la kulenga shabaha likiwa limekaribia, Orpha alichukua risasi moja mpya akaitikisa kwa mazoea tu. Ikanong'ona. Shaa, shaa, kama mchele ndani ya kopo.

Akachukua ya pili. Shaa. Akatikisa boksi zima, moja moja, na zote zilikuwa na la kusema.

Orpha akakaa kitako. Miaka yote ya ndoa hajapata kusikia sauti ndani ya risasi ya mumewe. Akamkumbuka mama mkwe, marehemu Ottilie, ambaye naye alianza kidogo kidogo hivihivi: chumvi kwenye kahawa, viatu ndani ya jiko, hata mwisho akawa anamwita mwanawe "bwana posta". Orpha ndiye aliyemwogesha na kumlisha mpaka siku yake ya mwisho. Ugonjwa ule aliujua hatua zake.

Akampigia simu binti yao, Marit, aliyekuwa akiishi mjini Missoula.

"Amesahau nini tena, Mama?"

"Sijasema amesahau."

"Basi mbona unanong'ona?"

Orpha akamweleza. Marit akasema, "Mama, anayesahau sufi leo, kesho atasahau kwamba baruti ameshaitia, ataitia tena. Itakulipukia usoni. Mimi ninakuja na kufuli, tulifunge lile banda. Na Jumatatu nampeleka kwa daktari."

"Ukilifunga banda umemzika."

"Bora nimfungie banda kuliko nikuzike wewe."

Orpha akakata simu. Na tangu saa ile macho yake yakageuka ya askari. Akaona Selmer siku hizi anafunga mlango wa banda nyuma yake, yeye ambaye zamani aliuacha wazi hata theluji ikaingia. Akaona akiitwa ghafla anashtuka. Akaona lile koti la ziwani halipo tena msumarini.

Jioni wakala mchuzi wa kulungu na viazi. Orpha akaanza kumchokonoa.

"Kulungu huyu, Selmer, nani alimpiga?"

"Wewe. Tena ulimkosa mara ya kwanza, ukasingizia upepo."

"Na baba yangu bunduki ile aliinunua kwa nani?"

"Kwa yule Mfini mwenye jicho moja. Unanihoji kama karani wa polisi, bibie. Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Hiyo 'hakuna kitu' yako naijua, ina meno." Selmer akaukata mkate, akautazama mkate badala ya mkewe. "Halafu Jumamosi kwenye shindano, chukua bunduki yangu. Ya baba yako iache ipumzike."

"Imechoka?"

"Imezeeka."

"Kwani mimi na wewe vijana?"

"Na hiyo ya baba yako nitakusafishia mimi," akasema Selmer harakaharaka.

Kijiko cha Orpha kikasimama. Nyumba ile ilikuwa na sheria moja isiyovunjwa: kila mtu husafisha bunduki yake mwenyewe. Huyu ameisahau hata sheria yake? Au kuna jambo jingine hapa? Usiku Orpha alilala akimsikiliza anavyopumua, kama vile pumzi zingemwambia.

Asubuhi Selmer alipokwenda kununua chakula cha kuku, Orpha aliishusha bunduki ya baba yake. Akafunga kitambaa kwenye fimbo ya kusafishia, akaisukuma ndani ya mtutu. Ikaenda kwa shida, imebana, kama inavyotakiwa. Kisha, mahali pamoja, ikalegea ghafla, kama mguu uliokanyaga shimo, ikabana tena. Akairudisha. Ikalegea palepale.

Akawasha tochi, akachungulia. Ndani ya chuma kulikuwa na kivuli cha mviringo, mfano wa pete kwenye kidole. Mtutu ulikuwa umevimba.

Hilo halikuhitaji mganga. Kila mtengeneza risasi wa bonde lile analijua: sufi ikiwa haba, isifike kwenye kichwa cha risasi, ikaacha pengo, baruti ikiwaka huirusha mbele kwa kishindo, na pale inapokigonga kichwa hicho, chuma cha mtutu huvimba kama pete. Bunduki ya baba yake!

Orpha alilia kidogo, kwa hasira. Halafu kilio kikamkatika njiani. Mtu aliyesahau hafichi. Ili ufiche, lazima ukumbuke: ukumbuke kila siku, mezani, kitandani, unapokata mkate.

Selmer aliporudi alimkuta barazani, bunduki mapajani.

"Ni lini?" akauliza Orpha.

Selmer akautua mfuko wa chakula cha kuku polepole. "Agosti. Koti lilikuwa limeisha sufi. Ikabaki kiasi hiki." Akaonyesha ncha ya kidole. "Nikasema itatosha. Ulikuwa uvivu, Orpha, si kingine. Nikaijaribu risasi mwenyewe kwa bunduki hii, na ganda likagoma kutoka. Nikajua."

"Na hizi zinazonong'ona?"

"Sufi nimeiogopa. Nimeziacha bila hata chembe. Nilitaka nikwambie uinue mtutu juu kabla ya kila mlio, baruti irudi nyuma."

"Ungeniambia lini?"

"Baada ya kukwambia lile la kwanza."

"Na mlango wa banda, kwa nini ulikuwa unaufunga?"

Selmer akakuna shingo. "Kuna siku mtu hataki kuonekana uso."

Gari la Marit likaingia uani. Marit akashuka na kufuli jipya mkononi, akawatazama mmoja baada ya mwingine. "Haya. Amesahau nini?"

"Hajasahau hata kimoja," akasema Orpha. "Amenidanganya tangu Agosti, kwa akili timamu kabisa."

"Kwa hiyo kufuli?"

"Rudi nalo."

"Na daktari Jumatatu?"

Orpha akasimama. Akamwekea Selmer bunduki mikononi, kwa uzito, kama anayemkabidhi baba mtoto ambaye baba huyohuyo amemwangusha. "Jumatatu anakwenda kwa fundi wa mitutu. Na atamweleza alivyofanya, yote, kwa mdomo wake, mbele ya wanaume wote wanaoshinda pale wakinywa kahawa. Nami nitakuwa nimesimama ubavuni mwake nikisikiliza kama ataruka neno."

Selmer akaitazama bunduki, akamtazama binti yake.

"Marit, mwanangu," akasema, "huyo daktari bado ana nafasi?"