Programu Iliyohesabu Hadi Ikachoka

Kufikia saa saba mchana, simu za waandika magoli zilikuwa na joto la viazi vilivyotoka chunguni. Walizileta moja moja chini ya turubai, kwenye meza ya Sereana Qalobula, wakazipanga mbele yake.

Programu ilikuwa yake. Aliitunga kwa miezi saba, ili mashindano ya netiboli ya mji wa Suva yaachane na ubao na chaki: magoli yaingizwe kwa simu, na msimamo wa timu sitini na nne uonekane papo hapo kwa kila aliyepo uwanjani. Sasa ukigusa kitufe, unamaliza kula muhogo mzima kabla skrini haijakujibu.

Mama Unaisi, mwenyekiti wa kamati, alifika na mwavuli wake. Alikuwa amefundisha shule miaka thelathini na tano, na hakuhitaji kupaza sauti.

"Mwanangu, saa nane natangaza timu za robo fainali. Kama kitu chako hakijapona, natangazia ubaoni. Na mwakani tutaanzia ubaoni."

"Kitapona, Mama."

"Haya. Nimekusikia."

Apisai, mwenzake wa ofisini, alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kijiji chao na kijiji cha akina Sereana ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo yeye aliruhusiwa kusema lolote, na Sereana hakuruhusiwa kukasirika.

"Mtani, nyie mkimenya ndizi mnarudi kuhesabu maganda. Ndiyo maana simu zinapata homa."

"Bora sisi tunaohesabu. Nyie mlipoteza mashua ikiwa imefungwa gatini."

"Ilikuwa mashua ya babu yangu. Mwenyewe alikuwa amelala ndani."

Sereana alicheka bila kutaka, akarudi kwenye kompyuta. Jambo lenyewe alilijua. Mtu akiandika salamu tu kwenye kisanduku cha ujumbe, au akigeuza ukurasa, programu ilipiga hesabu ya timu zote upya, ingawa hakuna goli hata moja lililoongezeka. Juzi alikuwa ameshaweka dawa: programu ikumbuke jibu la mwisho, na isihesabu tena mpaka orodha ya mechi ibadilike. Dawa ilikuwepo. Homa nayo ilikuwepo.

Aliweka namba ndogo pembeni mwa skrini, ya kuonyesha ni mara ngapi hesabu imepigwa. Aligusa huku na kule kwa dakika moja. Namba ikasoma arobaini na sita.

"Mechi mpya zimeingia ngapi?" Apisai aliuliza, akirefusha shingo.

"Hakuna."

"Basi nani anaiambia orodha imebadilika?"

"Hakuna! Naichukua orodha, naondoa mechi zilizoahirishwa kwa mvua, naikabidhi kwenye hesabu. Basi."

"Unaziondoa lini?"

"Kila skrini inapo..."

Sereana alirudi kuusoma mstari wa kuchuja. Mvua ilipiga turubai.

Kila mguso ulichuja mechi za mvua na kuandika orodha mpya. Yaliyomo yalikuwa yaleyale, lakini programu haisomi yaliyomo. Inatazama tu kama ni karatasi ileile iliyopewa mwanzo. Yeye mwenyewe alikuwa akiipa karatasi mpya mara arobaini na sita kwa dakika, halafu anashangaa kwa nini haikumbuki ya zamani.

"Sema," Apisai alimhimiza kwa raha kubwa. "Sema, mtani, nisikie."

"Nimekosea mimi."

"Kwa sauti. Mbu wamenizidi masikioni."

"Nimekosea, Apisai! Umeridhika?"

"Kidogo." Akavuta roti ya Sereana, chapati iliyokunjiwa samaki, iliyokuwa mezani, akaanza kuila. Kwa mtani huo si wizi.

Marekebisho yalikuwa mistari minne. Orodha iliyochujwa nayo ihifadhiwe, na ichujwe tena pale tu mechi inapoingia au kuahirishwa. Alituma toleo jipya kwenye simu zote, akagusa, akageuza kurasa, akaandika salamu. Namba: moja. Moja. Moja.

Hofu nyingine ikamjia: je, ikibaki moja milele? Uwanja wa tatu wakapuliza kipenga cha mwisho. Mwandishi wao akaingiza magoli, thelathini na moja kwa ishirini na tisa. Namba ikawa mbili, na timu iliyoshinda ikapanda nafasi ya kwanza kwenye kundi lake.

Saa nane kasoro dakika tatu, Mama Unaisi alichukua simu moja, akaipima joto shavuni, akashika kipaza sauti. Alisoma timu saba. Kwa ya nane, sauti ikatoka upande wa viti:

"Nafasi hiyo ni yetu, Mama!"

Aligusa skrini, ikafunguka mara moja. "Mmezidiwa goli moja. Ninalo hapa, na mechi zenu zote ninazo." Aliyelalamika akaketi. Akamaliza, akarudi chini ya turubai.

"Mwakani zitakuja timu themanini," alisema. "Itaweza?"

"Itaweza, Mama."

"Mimi ndiye niliyeiponya," Apisai alisema, mdomo umejaa.