Mama Apiga Marufuku Mafuta

Kwa huzuni kubwa natangaza kifo cha mafuta katika familia yetu. Yalifariki Jumanne asubuhi, katika wodi ya saratani ya damu hapa mjini Szeged, Hungaria, mbele ya macho yangu mimi, Bendegúz, mwenye umri wa miaka kumi na sita, niliyefungiwa kwenye chumba cha kioo kwa kuwa damu yangu kwa sasa haiwezi kupigana hata na mafua.

Muuaji ni mama. Ndipo ajabu ilipo, maana kwetu Jumapili bila mfupa wa uboho si Jumapili. Unautoa kwenye supu, unaugongagonga juu ya mkate uliochomwa na kupakwa kitunguu saumu, uboho unateleza nje, unaunyunyizia chumvi na paprika. Mfupa mnono kuliko yote ulikuwa wangu tangu nilipoota meno.

Jumanne hiyo Daktari Szendrey alimweleza mama kwa nini ugonjwa wangu ni mkaidi.

“Ndani ya uboho kuna seli za mafuta,” alisema. “Saratani inazikamua. Inakula mafuta yake, inapata nguvu, tena inajificha katikati yake ili dawa zisiiue.”

Mama hakuuliza swali. Alikwenda kwenye jiko la wazazi, mwisho wa korido, na tangu hapo sikuona tone la mafuta. Nililetewa boga la kuchemsha. Viazi vya kuchemsha. Kuku aliyevuliwa ngozi na heshima yake yote. Hata chakula cha wodi alikiwahi, amevaa barakoa na joho, akakwangua siagi kwenye mkate.

“Mama, hata jela wanapewa siagi.”

“Jela hawana ugonjwa wako. Kula boga.”

“Boga hili limeshafariki. Tulizike tu.”

“We mtoto, usinichekeshe, nitalia.”

Nilibandika karatasi kwenye kioo: MNYAMA HUYU HALISHWI. Wauguzi walicheka. Mama aliisoma, akaenda zake.

Kisha daktari akanipima uzito, akakunja uso. Dada yangu Boróka alikuwa ameshakubali kunipa uboho wake, lakini mwili uliokonda hivi, daktari alisema, hautahimili kupandikizwa. Nikizidi kupungua, wataahirisha.

“Na saratani nayo itaahirisha?” niliuliza.

Aliandika uzito wangu kwenye faili.

“Mbona huli, kijana?”

“Nakula kila ninacholetewa. Mshtaki mama.”

Alimwita. Walisimama koridoni, spika ya chumba changu ikiwa wazi.

“Nilimlisha uboho mimi mwenyewe,” mama alisema. “Mfupa mkubwa kuliko wa baba yake. Kila Jumapili. Nimeinenepesha saratani kwa mkono wangu, Daktari.”

“Hapana, mama. Seli zile ni za mwili wenyewe. Kila mtu anazo, hata anayeishi kwa kabichi. Hazijazwi kwa kijiko. Tena, mtu akikaa na njaa muda mrefu, mafuta ya chini ya ngozi hupungua, lakini ya ndani ya uboho mara nyingi huongezeka.”

“Huongezeka?”

“Ndiyo.”

“Kwa hiyo boga langu…”

“Boga halina kosa. Peke yake halimtoshi.”

“Nilisema lizikwe!” nilipiga kelele.

“Nyamaza!” walinijibu wote wawili.

Mama akakaa sakafuni, pale pale koridoni, akajifunika uso kwa joho. Nilitaka kutoka nikamnyanyue, lakini sikuruhusiwa hata kuufungua mlango. Nikabonyeza kitufe cha spika nikakosa la kusema, mimi niliyefukuzwa bweni kule Kecskemét kwa kuisomea soksi ya mwalimu hotuba ya mazishi.

“Mama,” nikasema mwishowe, “njaa inaniuma.”

Akainuka taratibu. Akanawa mikono, akavaa barakoa mpya.

“Unataka nini?”

“Chochote chenye dhambi.”

Alirudi na tambi za moto zilizozama kwenye krimu na siagi. Mdomo wangu umejaa vidonda vilivyoletwa na dawa. Kila tambi ilipita kama kaa la moto. Katikati ya sahani nilitaka kuacha.

“Usiponitazama nitamaliza,” nilimwambia.

“Nitakutazama.”

Basi nikala. Nilipomaliza alikuwa bado anaitazama sahani, kana kwamba anasubiri imdhuru mtu. Nikaomba nyingine, ingawa ya kwanza ilikuwa bado inanichoma.